Treni ya Taka za Nyuklia Itapita kwa Nani?

Kila mradi wa kinu cha nyuklia unapotajwa humu nchini, ubishi huwa ni mmoja: kitajengwa wapi? Ilikuwa Uyombo kule Kilifi. Wenyeji wakakataa, na Mei 2024 walipoandamana polisi wakatumia nguvu kuwatawanya. Mwaka 2025 macho ya serikali yakageukia Siaya, ufuoni mwa Ziwa Victoria. Wa Uyombo wakashusha pumzi kidogo, wa Siaya wakaanza kuuliza maswali yale yale.

Sisi tunauliza jingine. Taka za kinu hicho zitapita wapi? Na wale wanaokaa kando ya njia hiyo, nani aliwaita kikaoni?

Tuanze na kitu chenyewe, manake wengi wetu tukisikia neno "taka" tunafikiria Mwakirunge au Dandora. Hizi ni taka za namna nyingine kabisa. Mafuta ya kinu ni vipande vidogo vya madini ya urani vilivyopangwa ndani ya mabomba membamba ya metali. Yakiwa mapya, mtu anaweza kusimama karibu nayo na asidhurike. Yakitoka kinuni baada ya miaka michache yamegeuka. Yana joto kali, na mionzi yake inaweza kumuua mtu atakayeyasogelea bila kinga, hata kama ni kwa dakika chache tu. Hulazwa ndani ya bwawa la maji kwa miaka kadhaa yapoe, kisha hutiwa ndani ya makasha mazito ya chuma. Kinu cha megawati 1,000, ukubwa ambao Kenya imekuwa ikiuzungumzia, hutoa tani 20 hadi 30 za mafuta hayo yaliyotumika kila mwaka. Sehemu ya sumu yake hubaki kwa maelfu ya miaka.

Sasa mzigo huo lazima siku moja uende mahali. Ama nchi ichimbe shimo refu la kuuzika, ama uliyemnunulia mafuta akubali kuyarudisha kwao. Bangladesh, kwa mfano, ilitia saini mkataba na Urusi mwaka 2017 kwamba mafuta yaliyotumika kwenye kinu chake cha Rooppur yatarudishwa Urusi. Kwa wengi hiyo ni habari njema, na kweli ni afadhali kuliko kukaa nayo. Lakini kurudisha ni kusafirisha. Tuseme kinu kiko Siaya na taka zinarudi ng'ambo. Zitaondokea bandari gani kama si Mombasa? Hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 800. Kasha moja likijazwa hupita tani 100, na mzigo wa uzito huo nchi nyingi huupandisha kwenye reli. Reli yetu unaijua inapita wapi: Kisumu, Nakuru, katikati ya Kibera, Mtito Andei, Voi, Mariakani, Mazeras, Miritini. Hii ni hesabu yetu sisi, si tangazo la serikali. Ila mtu yeyote mwenye ramani ataifanya, na atafika hapo hapo.

Nchi iliyolijua jambo hili kwa uchungu ni Ujerumani, na inafaa tuielewe vizuri kabla hatujaambiwa ati huko kwa wenzetu mambo haya ni ya kawaida.

Tarehe 22 Februari 1977, Ernst Albrecht, aliyekuwa kiongozi wa jimbo la Niedersachsen, alitangaza kwamba taka za nyuklia za nchi yake zitapelekwa Gorleben, kijiji kidogo karibu na Mto Elbe. Chini ya ardhi ya hapo kuna mwamba mkubwa wa chumvi, na hoja ilikuwa kwamba chumvi itazifungia taka hizo daima dawamu. Wenyeji walipoangalia ramani waliona kitu kingine. Wilaya yao ilikuwa pembeni kabisa mwa Ujerumani Magharibi, imezungukwa pande tatu na mpaka wa Ujerumani Mashariki. Watu wachache, wakulima, kura haba. Sisi wa Pwani hapo hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Machi 1979 wakulima hao walipanda matrekta yao wakafunga safari hadi Hannover, makao makuu ya jimbo. Wakiwa bado njiani, tarehe 28, zikaja habari kwamba kinu cha Three Mile Island huko Marekani kimepata ajali. Walipoingia Hannover tarehe 31, watu wapatao 100,000 walikuwa wamekusanyika. Mwezi wa Mei Albrecht mwenyewe alikiri kwamba kiwanda kikubwa cha kuchakata mafuta yaliyotumika, kilichopangwa kujengwa Gorleben, kisiasa hakiwezekani. Kiwanda kikafa. Mpango wa chumvi haukufa, na ghala la kuweka makasha "kwa muda" likajengwa pale pale msituni.

Treni ya kwanza ilifika Aprili 1995. Mpaka mwaka 2011 zilifanyika safari 13 kupeleka makasha Gorleben, na yaliyolundikana humo ghalani ni 113. Mengi yalitoka La Hague, Ufaransa, ambako taka za Ujerumani zilikuwa zimechakatwa na kuyeyushwa pamoja na kioo. Zilisafiri kwa reli zaidi ya kilomita 1,000, zikipita miji, vijiji na stesheni za abiria, hadi mji wa Dannenberg ambako reli iliishia. Hapo makasha yaliinuliwa kwa winchi, yakawekwa juu ya malori makubwa, yakamaliziwa kilomita 20 za mwisho kwa barabara.

Mwaka 1997, kwa ajili ya makasha sita tu, walipelekwa polisi wapatao 30,000. Mwaka 2001 wanaharakati walijifunga ndani ya zege chini ya reli yenyewe, treni ikakwama saa nyingi huku mafundi wakichonga polepole wasiwaumize. Tarehe 7 Novemba 2004 kijana mmoja wa Kifaransa aligongwa na treni hiyo huko Lorraine alipokuwa kwenye maandamano ya kuizuia, akafa. Mwaka 2010 wafugaji walileta kondoo na mbuzi wao wakawaachia barabarani, polisi wakabaki wanawaswaga. Safari ya 2011, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho, ilichukua saa zipatazo 126. Zaidi ya siku tano, treni moja.

Kuna watakaosema hao walikuwa wapinga maendeleo. Basi na tuangalie kilichotokea 1998.

Mwezi wa Mei mwaka huo ilibainika kwamba makasha na mabehewa yaliyokuwa yakisafirisha mafuta yaliyotumika kutoka vinu vya Ujerumani kwenda Ufaransa na Uingereza yalikuwa na uchafu wa mionzi kwa nje, sehemu nyingine ukipita kiwango kilichoruhusiwa mara nyingi sana. Sababu yake ni rahisi kuielewa. Kasha hujazwa likiwa limezamishwa ndani ya bwawa, na maji ya bwawa yana chembechembe zenye mionzi. Chembe hizo hujipenyeza kwenye ngozi ya kasha. Likitoka huoshwa, linapimwa, linaonekana safi. Likishakuwa njiani, kwenye jua na mvua, linaanza kama kutoa jasho, na zile chembe zinatokeza juu.

Hilo peke yake lingeweza kusameheka. Kosa la kiufundi hutokea na hurekebishwa. Kilichowakera Wajerumani ni kwamba kampuni za umeme zilikuwa zimejua kwa miaka mingi na hazikuiambia wizara. Waziri wa mazingira wakati ule alikuwa Angela Merkel, ambaye baadaye alikuja kuwa Chansela. Alisimamisha safari zote, na mizigo ya namna hiyo haikurudi relini mpaka 2001. Na unajua nani walikasirika kuliko hata wanaharakati? Polisi. Wao ndio waliokuwa wakitembea kando ya mabehewa, usiku na mchana, huku wakiambiwa hakuna shida.

Halafu ikaja Septemba 2020. Shirika la serikali la Ujerumani linalotafuta mahali pa kuzika taka hizo lilitoa ripoti yake ya kwanza baada ya kuipima nchi yote upya. Lilitaja maeneo 90 yanayofaa kuchunguzwa zaidi. Gorleben haikuwemo. Wajuzi wa miamba waliiondoa kwa sababu za kijiolojia, si za kisiasa. Yaani miaka 43 ya virungu, kesi na pesa za umma, kisha jibu likawa kwamba mahali penyewe hapakufaa. Yale makasha 113 bado yako ghalani juu ya ardhi, na kibali cha ghala hilo kinaisha 2034. Ujerumani ilizima vinu vyake vitatu vya mwisho tarehe 15 Aprili 2023. Umeme wake umeshatumika ukaisha. Taka bado zinatafutiwa pa kulala.

Haki itendeke kwa upande wa pili pia. Makasha haya si mapipa ya mafuta taa. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki zinataka kasha la namna hii listahimili kuangushwa kutoka mita 9 juu ya sakafu isiyobonyea, kuangukia nondo nene ya chuma, moto wa nyuzi 800 kwa nusu saa, na kuzamishwa majini. Tarehe 17 Julai 1984, huko Old Dalby, Uingereza, waliigongesha treni kwenye kasha kwa mwendo wa maili 100 kwa saa mbele ya kamera. Kichwa cha treni kiliharibika vibaya, kasha likabaki zima. Mwaka 2001 treni ya mizigo iliungua ndani ya handaki mjini Baltimore, Marekani, na moto haukuzimika kwa siku kadhaa. Haikuwa na taka za nyuklia, lakini wataalamu wa serikali walikokotoa kama ingekuwa nazo, wakasema kasha lingestahimili. Kwa hiyo yeyote anayewaambia watu kwamba treni ikipinduka Mazeras basi Mombasa nzima imekwisha, anawatisha bure, na uongo huo utakuja kutumiwa kutupuuza sote.

Hofu yetu iko mahali pengine, na inahitaji hesabu kidogo.

Kanuni hizo hizo zinaruhusu mionzi fulani itoke nje ya mzigo. Hakuna kasha linaloizuia yote. Ukiwa mita 2 kutoka kwenye behewa, kiwango cha juu kinachoruhusiwa ni milisiveti 0.1 kwa saa. Na kiwango cha juu anachotakiwa mwananchi wa kawaida kupata kutoka kwa shughuli kama hizi, kwa mwaka mzima, ni milisiveti 1. Gawanya mwenyewe: saa kumi. Ni kweli makasha mengi hutoa chini ya hapo, na mionzi hupungua haraka kadiri unavyosogea mbali. Treni ikikupita kwa dakika moja hupati kitu cha kutaja. Lakini treni ikisimama je?

Hapa ndipo Kenya inapokuwa si Ujerumani. Kibera kuna nyumba ambazo mlango ukifunguka unaangalia reli, hatua chache tu. Kuna mama anayeuza sukuma wiki juu ya reli yenyewe na huondoa bidhaa zake akisikia honi. Watoto huenda shule wakitembea juu ya mataruma. Treni za mizigo kwetu zinasimama, tena zinasimama sana: kungoja nyingine ipite, kungoja kichwa kingine, kungoja fundi. Wakati mwingine usiku kucha. Kanuni iliyoandikwa ikimfikiria mtu anayeishi mbali na reli, na treni inayotembea kwa ratiba, inamlinda vipi mtoto wa Kibera ambaye behewa limelala karibu na dirisha lake tangu magharibi hadi alfajiri? Mara moja hakuna neno. Na ikiwa ni kila safari, kwa miaka 60 ya maisha ya kinu?

Na ajali ikitokea, hata kama kasha halikupasuka, nani atafika kwanza? Tunajua jibu, ni wananchi. Tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lilipinduka Sachangwan, watu wakaja na mitungi kuchota, moto ukalipuka, zaidi ya mia moja wakafa. Hawakuwa wajinga. Walikuwa maskini, na hakukuwa na mtu wa kuwaambia kaeni mbali wala uzio wa kuwazuia. Chuma kizuri kilichoanguka kando ya reli, kisicho na harufu wala moshi, kitakusanya watu wengi zaidi. Petroli angalau unainusa. Mionzi haina rangi, haina harufu, haiungui ngozi mpaka iwe imezidi mno. Je, zimamoto wa Voi wana kifaa cha kuipima? Hospitali ya Mariakani imefunzwa la kufanya? Maswali haya si ya kupinga nyuklia. Ni maswali ambayo hata anayeitaka nyuklia angepaswa kuyauliza wa kwanza.

Tukiambiwa tuiamini serikali, tutaitaja Owino Uhuru, hapa hapa Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilipewa nafasi kando ya makazi ya watu, madini ya risasi yakaingia kwenye damu za watoto, na vyombo vilivyokuwa na kazi ya kuzuia vikachelewa. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakaazi walipwe Sh1.3 bilioni. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaufuta uamuzi huo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Kiwanda kilikuwa kimefungwa tangu 2014! Miaka mingi ya kupanda na kushuka ngazi za mahakama, kwa sumu ambayo daktari anaweza kuipima kwa tone la damu na ambayo moshi wake kila mtu aliuona. Anayeugua saratani miaka 20 baada ya treni kupita atamshtaki nani, na kwa ushahidi gani?

Ndiyo maana swali la njia lazima lijibiwe sasa, kabla ya mkataba wowote wa kinu kutiwa saini. Taka zikishakuwepo, hakuna tena la kujadili. Lazima zisafirishwe, na atakayesimama relini ataitwa mhalifu. Wajerumani walifika hapo. Makasha yalikuwa yao, Ufaransa ilikuwa inadai yaondolewe, na hata waziri aliyeipinga nyuklia maisha yake yote alijikuta anatoa kibali cha treni.

Kipengele cha 10 cha Katiba kinataja ushirikishwaji wa wananchi. Cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na cha 69 kinaidai serikali ihimize wananchi washiriki katika kuyalinda. Hakuna mahali paliposema mwananchi ni yule tu anayepakana na uzio wa kinu. Wa Kibera, wa Voi na wa Miritini ni wahusika katika mradi huu sawasawa na wa Siaya, na vikao vya kukusanya maoni lazima viwafikie kwa lugha wanayoielewa, si kitabu cha kurasa 600 kwa Kiingereza kilichobandikwa kwenye mtandao siku tatu kabla.

Wasomaji wetu mnaokaa kando ya reli, kuna jambo mnaweza kufanya wiki hii. Kipengele cha 35 na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 vinakuruhusu kuiandikia ofisi ya umma na kuiuliza: mpango wa mafuta yaliyotumika ni upi, njia ni ipi, yatasimama wapi na kwa muda gani, na nani amefunzwa kushughulikia ajali. Huhitaji wakili. Barua inaweza kuwa ya Kiswahili. Kuipeleka hakutozwi ada, na asiyejua kuandika anaruhusiwa kueleza kwa mdomo, afisa amwandikie. Ofisi ina siku 21 za kukujibu. Ikikataa au ikinyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, na uweke nakala ya barua yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.